Kazi ya Kiingereza ya nyumbani: mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia



Familia nyingi zilizokimbia vita katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri zimevuka mpaka na kuingia Uganda. Wengine wako huko tangu miaka mingi, katika makazi ya Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja. Wengine walifika baada ya mji wa Goma kutekwa mwezi wa kwanza 2025. Wote, wa zamani na wapya, hukutana na jambo moja siku ya kwanza ya shule: mtoto aliyekuwa akisoma kwa Kifaransa na Kiswahili anakuta ubao mzima umeandikwa Kiingereza.

Kwa sababu hiyo mara nyingi anarudishwa nyuma. Aliyekuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi anakalishwa pamoja na wadogo wa P3 au P4, naye ana miaka 13 au 14. Hesabu anaijua, habari za mito na milima anazijua, lakini hana maneno ya kuzisema. Akichekwa muhula mmoja na wa pili, wapo wanaoacha. Msichana anabaki nyumbani kulea wadogo zake, kisha tunasikia ameolewa. Kijana anashinda sokoni bila kazi, na kijana wa namna hiyo hupatikana kwa urahisi na kila anayetafuta watu wa kuwapeleka kwenye ugomvi. Ndiyo maana sisi, ambao kazi yetu ni amani, leo tunaandika juu ya sarufi.

Juu ya uhaba wa madarasa na walimu yamesemwa mengi, hatutayarudia. Tunataka kuzungumza juu ya jioni, wakati mtoto anafungua daftari lake na mzazi anamwambia: "Mimi Kiingereza sijui, umuulize mwalimu." Mwalimu huyo ana darasa lililojaa mpaka mlangoni, na hana nafasi ya kukaa na mtoto mmoja. Tena yeye ni mtu wa Uganda, pengine hajui Kifaransa, na Kiswahili chake ni kidogo. Mzazi anaijua lugha ambayo mtoto anafikiri nayo. Hicho ni chombo ambacho mwalimu hana, na katika makala hii tunaonyesha namna ya kukitumia.

Kwanza tueleze uzito wa jambo lenyewe. Mwisho wa P7 mtoto hufanya mtihani wa taifa unaoitwa PLE. Masomo ni manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Kila somo hupewa alama kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 9, kisha zinajumlishwa. Aliyefaulu kuliko wote ana 4, na aliyeshindwa kila kitu ana 36. Lakini hata karatasi za hesabu, sayansi na maarifa ya jamii zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto anapimwa Kiingereza mara nne. Hesabu ya mama aliyenunua kilo tatu za maharagwe sokoni inamshinda kwa sababu hakuelewa neno moja katika swali, wala si kwa sababu hajui kuzidisha.

Katika P1 hadi P3, mtaala wa Uganda ulioanza 2007 unaruhusu kufundisha kwa lugha ya mahali, na P4 ndio mwaka wa kugeukia Kiingereza. Lakini lugha ya mahali, kama Runyankore huko Nakivale au Runyoro huko Kyangwali, si lugha ya nyumbani kwa watoto wetu wengi. Kwa waliochelewa sana kuna masomo ya haraka, ambayo yanabana miaka saba ya msingi katika miaka mitatu. Ni njia nzuri kwa mwenye umri mkubwa, lakini inakwenda mbio, na bila msaada wa nyumbani mtoto anaachwa nyuma tena.

Makosa yana asili yake

Mtoto wa Kivu anapoandika Kiingereza kibaya, mara nyingi hajabahatisha. Anaandika Kiswahili au Kifaransa kwa maneno ya Kiingereza. Mzazi akijua hivyo ataacha kusema mtoto ni mjinga, na ataanza kuuliza swali moja lenye faida: "Sisi kwa Kiswahili tunasemaje?"

Chukua umri. Kwa Kiswahili tunasema nina miaka 12. Kwa Kifaransa ni "j'ai 12 ans". Lugha zote mbili zinasema mtu ana miaka, kwa hiyo mtoto anaandika "I have 12 years". Waingereza husema mtu yuko miaka: "I am 12 years old". Ni hivyo hivyo kwa njaa. Nina njaa na "j'ai faim" zinamsukuma kuandika "I have hunger", wakati inatakiwa "I am hungry". Hapo mtoto amesukumwa na lugha mbili kwa pamoja, si ajabu anaanguka.

Chukua jinsia. Kwa Kiswahili baba anapika na mama anapika, ni neno lile lile. Kwa hiyo mtoto anaandika "he" juu ya mama yake, na darasa linacheka. Yule aliyesoma Kifaransa miaka mingi anakosea upande mwingine: meza kwa Kifaransa ni ya kike, basi anaiita "she". Mwambieni tu kwamba Kiingereza huangalia mtu ni mwanamume au mwanamke, na vitu vyote vilivyobaki ni "it".

Chukua pia sentensi Mama anapika. Mtoto anaandika "My mother she cooks", kwa sababu katika anapika anasikia ile "a" ya mbele na anataka kuitafsiri. Kiingereza kikishamtaja mama, hakimtaji mara ya pili.

Sasa tufike kwenye vitenzi, maana hapo ndipo alama nyingi hupotea. Kiswahili kinaonyesha mtenda mwanzoni mwa kitenzi: ninasoma, unasoma, anasoma. Kiingereza hakibadilishi mwanzo. Huongeza herufi "s" mwishoni, tena kwa mtu mmoja tu anayesemwa: "I read, you read, she reads". Mtoto aliyezoea kuangalia mbele hasikii kitu kidogo kilichofichwa nyuma, anaandika "she read". Dawa yake ni kusoma kwa sauti. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusikia kama ile "s" imetamkwa au haikutamkwa. Mpe kazi ya kusoma sentensi kumi, nawe hesabu kwa mawe madogo.

Kwa kitendo kinachoendelea sasa, watu wa Kivu tuna bahati. Kiswahili cha vitabuni kinasema ninasoma, lakini Goma na Bukavu watu wanasema niko nasoma. Watoto wetu wamewahi kuchekwa kwa maneno hayo, wakaambiwa ni Kiswahili kibovu. Basi yawekeni kando ya Kiingereza: niko ni "I am", nasoma ni "reading". Niko nasoma, "I am reading". Mtoto anayeandika "I reading" amesahau niko yake. Mkumbushe hivyo, naye ataelewa kwa haraka kuliko kwa kukariri kanuni ya kitabuni.

Ukanusho nao unasumbua. Mtoto amejifunza kwamba jana ya "go" ni "went". Anapotaka kusema sikwenda anaandika "I did not went". Mwulizeni: sikusoma ina vipande gani? Si ni mimi ninayekataa, ku ni ya wakati uliopita, na soma imebaki kama ilivyo. Ile ku ndiyo imebeba jana, kwa hiyo soma haibebi kitu. Katika Kiingereza "did" inafanya kazi hiyo hiyo. Ikishabeba jana, kitenzi kinarudi kuwa kitupu: "I did not go". Na katika swali, "does" ikishachukua ile "s", kitenzi hakiibebi tena: "Does she go?" Mzigo mmoja haubebwi na watu wawili. Mtoto wa miaka 12 anaweza kulielewa jambo hili jioni moja, na limo katika mitihani kila mwaka.

Yapo pia maneno ya Kifaransa yanayofanana na ya Kiingereza lakini yanadanganya. Kwa Kifaransa "librairie" ni duka la vitabu. Kwa Kiingereza "library" ni mahali pa kuazima vitabu. "Actuellement" ni sasa hivi, lakini "actually" ni kwa kweli. Anayesema "I assist the meeting" akitaka kusema amehudhuria mkutano, ametafsiri "assister", na Mwingereza atafikiri ameusaidia mkutano. Na anayeandika "the life is hard" amechukua ile "la" ya "la vie". Wazee waliosoma sekondari Kongo wanaweza kuwaonyesha watoto mitego hii. Kifaransa chao bado kina kazi hapa.

Tunashauri daftari moja la pembeni lenye safu tatu: Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza. Kila siku maneno matano au sentensi tatu, yasizidi. Mtoto anasoma Kiingereza kwa sauti, mzazi anafunika safu hiyo kwa mkono na kutaja Kiswahili, mtoto anajibu na kuandika. Ni muhimu aandike, kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika na Kiingereza hakifanyi hivyo. Mtoto anasikia "nait" na anaandika "nait", hawezi kujua kwamba ni "night" mpaka ameitazama, ameifunika na kuiandika mara kadhaa. Anayeweza kupata kamusi, ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafaa sana. Familia kumi zinaweza kuchanga na kutumia moja.

Siku hizi kuna simu zenye programu za kutafsiri na hata za kuandika insha nzima. Hatusemi zifichwe. Tunasema mtoto ajaribu kwanza kwa kalamu, ndipo simu ifunguliwe, na aeleze kwa Kiswahili kwa nini jibu la simu ni tofauti na lake. Akishindwa kueleza, hajajifunza. Ni sawa na kaka mkubwa anayemwandikia mdogo wake kazi ili wakalale mapema: mwalimu anaona daftari safi, na siku ya mtihani mtoto anakuwa peke yake.

Fasihi: mzazi anajua zaidi ya anavyodhani

Kazi ya fasihi huwatisha wazazi kuliko sarufi, kwa maana ni vitabu vizima. Sisi tunaona ndiyo rahisi zaidi kusaidia. Maswali ya mwalimu ni yale yale ambayo wazee wetu waliuliza baada ya kutoa hadithi jioni: Huyu mtu anataka nini? Nani anamzuia? Alifanya vizuri au vibaya? Wewe umejuaje? Hili la mwisho ndilo mtihani unalotaka hasa, yaani mwanafunzi aonyeshe mahali ndani ya kitabu panapothibitisha neno lake.

Tutoe mfano. Kitabu "Things Fall Apart" cha Chinua Achebe wa Nigeria, kilichotoka 1958, kinasomwa katika shule nyingi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Okonkwo, mtu mwenye nguvu na sifa katika kijiji cha Umuofia, bunduki yake inalipuka kwenye mazishi na kumwua kijana wa ukoo wake. Hakukusudia, lakini desturi inamtaka atoke. Anakimbia na familia yake hadi Mbanta, kwa wajomba zake, na lazima akae huko miaka saba. Wanampokea vizuri. Wanampa kiwanja na shamba, na kila mmoja wa watoto watano wa mjomba wake Uchendu anampa mbegu za viazi vikuu mia tatu. Hata hivyo Okonkwo hana raha, anahesabu miaka tu.

Mwalimu atauliza: kwa nini Okonkwo hana furaha Mbanta, na amepewa kila kitu? Mtoto mwenye miaka 15 atakwama. Lakini mzazi aliyefika Uganda na watoto wake, akapewa kipande cha ardhi, akalima na kuvuna, na bado usiku anaota nyumba yake ya Masisi au Djugu, ana jibu ambalo halimo katika vitabu vya mwongozo. Mwacheni mtoto asimulie sura hiyo kwa Kiswahili, kisha mzazi aseme anavyoona. Mtoto atabeba mawazo hayo na kuyatafutia maneno ya Kiingereza. Na Uchendu, yule mzee, anamwita Okonkwo mbele ya ndugu zake na kumwonyesha kwamba wako waliopoteza zaidi yake na bado wanaishi. Viongozi wanaosuluhisha watu katika makazi wataitambua hotuba hiyo.

Kitabu hicho kipo kwa Kiswahili pia, "Shujaa Okonkwo", tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973. "Animal Farm" cha George Orwell kinaitwa "Shamba la Wanyama", na Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, "Julius Caesar" na "The Merchant of Venice". Mfano mwingine unaowahusu Wakongomani ni "Une vie de boy" cha Ferdinand Oyono wa Kamerun. Kiliandikwa kwa Kifaransa na kutoka 1956, kwa Kiingereza kinaitwa "Houseboy", na kwa Kiswahili "Boi". Baba aliyekisoma sekondari Uvira au Beni anaweza kukaa na binti yake anayekisoma kwa Kiingereza, kila mmoja na lugha yake, wakamzungumzia Toundi yule yule. Ila mwanafunzi asibaki kwenye tafsiri. Ushahidi katika mtihani unatoka katika kitabu cha Kiingereza.

Jambo moja tunaliomba kwa uzito. Walimu hupenda kutoa insha yenye kichwa kama "Siku ambayo sitaisahau". Kwa mtoto aliyeona kijiji chake kikichomwa, kichwa hicho si chepesi. Wapo wanaokaa mbele ya karatasi tupu na kupewa sifuri, na wapo wanaoandika kisha wasilale usiku. Mzazi amwambie mapema kwamba ana ruhusa ya kuchagua siku nzuri: siku mdogo wake alipozaliwa, siku ya arusi ya shangazi, siku ya kwanza ya kuona Ziwa Kivu. Akitaka mwenyewe kuandika siku ile mbaya, asikatazwe, lakini asiandike peke yake. Na mzazi au kiongozi akutane na mwalimu kumweleza kwa upole. Mwalimu wa Uganda hawezi kujua yote yaliyompata kila mtoto.

Kwa viongozi

Jioni kinachokosekana kwanza ni mwanga. Familia moja haina taa ya sola, jirani anayo. Kiongozi wa mtaa akipanga nyumba tatu au nne zenye taa, saa moja tu baada ya chakula, watoto ishirini wamepata mahali. Tunashauri wachanganywe kwa darasa wanalosoma, wasigawanywe kwa kabila. Mtoto wa Kihema na wa Kilendu, au Mfuliiru na Munyamulenge, wakitafuta pamoja jana ya "bring" hawana haja ya sisi kuwahubiria. Lakini mzazi mwenye nyumba awe amekubali waziwazi, na wasichana wasirudi peke yao gizani. Kundi lisilo na mtu mzima wa kuwasindikiza afadhali lisome mchana, baada ya shule.

Wa kusimamia wapo. Kuna vijana waliomaliza S4 Uganda. Kuna walimu Wakongomani ambao vyeti vyao bado havijalinganishwa na vya Uganda, wanakaa nyumbani na ujuzi wao. Kiingereza chao kinaweza kuwa kidogo, lakini wanajua kufundisha, na wanajua Kifaransa kinavyowakwaza watoto.

Kisha kuna watoto wa wenyeji. Ugomvi wa shuleni kati yao na wetu mara nyingi huanza na lugha: mmoja anamcheka mwenzake. Lakini katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza Uganda mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika S1 na S2, na mwaka 2022 serikali iliamua kukipa nafasi kubwa zaidi. Wanafunzi wengi wa Uganda wanakiona kigumu. Watoto wetu wanacho kinywani. Mwalimu mkuu akikubali, wapewe saa moja kwa wiki: nusu saa Mganda anamsahihisha Mkongomani kazi ya Kiingereza, nusu saa Mkongomani anamfundisha mwenzake ngeli. Hapo hakuna anayeomba msaada, kila mmoja ana kitu mkononi. Kiongozi wa wakimbizi aende kwa mwalimu mkuu pamoja na mzee wa wenyeji, asiende peke yake.

Wazazi wengi hutuuliza: tukirudi Kongo, watoto watakuwa wamepoteza Kifaransa? Ile safu ya pili ya daftari iko kwa ajili hiyo, isiachwe tupu. Na zihifadhini bulletini za shule ya nyumbani, hata iliyolowa mvua njiani au kupasuka. Mtoto anapoona Kiingereza chake kimesogea, mzazi ana haki ya kwenda kwa mwalimu mkuu mwanzoni mwa muhula na kuomba apimwe upya ili apandishwe darasa. Achukue bulletini hiyo na daftari la safu tatu, aviweke vyote viwili mezani.